Alama Mbili na Yaliyo Kati Yake

Katika kazi zote za mkono nilizopata kuzijua, hakuna iliyonifundisha subira kuliko kuhariri video za harusi, na ndani ya kazi hiyo hakuna jambo lililonifundisha namna ya kutafuta kasoro kuliko lile dogo kabisa la kuifanya picha ififie, yaani kuitoa gizani polepole hata ikafikia nuru kamili, au kuirudisha gizani polepole hata ikatoweka. Mtazamaji huliona jambo hilo mara nyingi katika saa moja wala halishughulikii, maana likifanywa vizuri halivuti jicho. Lakini likiharibika, hata mtoto asiyejua kusoma hulitambua, na mwenye harusi, ambaye ametoa fedha yake ili siku moja ya maisha yake ihifadhiwe kwa heshima, hawi mwepesi wa kusamehe. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiitwa na wenzangu kutazama kazi zilizowashinda, na sehemu kubwa ya kazi hizo ilihusu huko kufifia, ambako mafundi huita fedi. Nami nimeona si vibaya kuyaandika niliyoyapata humo, kwa faida ya wanaohariri na kwa faida ya wasiohariri.

Nilijifunza kazi hii Tanga, katika chumba cha juu cha nyumba moja ya Ngamiani, mahali ambapo barabara zina namba badala ya majina, chini ya fundi mmoja mtu mzima aliyeanza kupiga picha za harusi katika zama za kanda za VHS. Chumba chenyewe kilikuwa na kompyuta mbili, feni moja iliyolalamika usiku kucha, na pazia zito jeusi dirishani, kwa sababu fundi huyo alishikilia kwamba mtu hawezi kuhukumu giza la kwenye kioo ilhali jua linampiga usoni. Katika zama za kanda, fedi ilifanywa kwa kidole: fundi alisukuma kitasa cha mikisa, chombo cha kuchanganyia picha, kutoka juu hadi chini huku kanda inazunguka, na kidole kikitetemeka, picha nayo ilitetemeka, na kosa lilikuwa la mwenye kidole bila ya shaka. Kompyuta ilipoingia, mkono uliondolewa katika shughuli hiyo na mahali pake pakashikwa na alama. Na tangu hapo, alikuwa akisema, fedi ikiharibika watu hawajui wamuulize nani.

Alama hizo, ambazo mafundi huziita vifremu, huonekana kwenye taimlaini, yaani utepe unaopanga klipu kwa mfuatano wa wakati, kwa umbo la almasi ndogo zilizopangwa juu ya mstari. Kila kifremu ni tamko la mambo mawili, wakati na kiasi. Kimoja husema kwamba kwenye sekunde ya kwanza opasiti ya picha, yaani kadiri picha inavyoziba kilicho nyuma yake, ni sifuri. Cha pili husema kwamba kwenye sekunde ya tatu opasiti hiyo ni mia. Yaliyo kati ya tamko hili na lile hayakuandikwa na mtu yeyote: mashine huyapata kwa hesabu, fremu baada ya fremu, kwa kufuata kanuni iliyopewa. Fundi mwashi hufanya vivyo hivyo apigiliapo vigingi viwili na kuvuta uzi, kisha akapanga mawe kwa kuufuata uzi huo. Ukuta ukienda upande, mwenye akili hasukumi mawe kwa bega, bali hurudi kutazama vigingi.

Desturi hii ni kongwe kuliko kompyuta. Katika majumba ya filamu za katuni huko Marekani, mchoraji mkuu alichora mikao mikuu tu ya kiumbe, mwanzo wa mruko na mwisho wake, na wasaidizi wakachora mikao yote ya kati; kazi yao ilikuwa nyingi, yenye kuchosha, na isiyo na sifa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wawili wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada mjini Ottawa, Nestor Burtnyk na Marceli Wein, walianza kuitwika kompyuta mzigo huo, na kwa zana zao Peter Foldes akatengeneza filamu fupi iitwayo La Faim, yaani Njaa, iliyotoka mwaka 1974 katika Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada. Mwaka 1997 wawili hao walitunukiwa kwa ufundi wao na chuo cha filamu cha Marekani, kile kitoacho tuzo za Oscar. Nimeitaja tarikhi hii kwa sababu msaidizi wa zamani alikuwa mwanadamu, na alipopewa mikao miwili isiyopatana aliweza kuinua kichwa na kumuuliza mkubwa wake alikusudia nini. Msaidizi wa leo haulizi. Hupokea alama mbili, ziwe za hekima au za upuuzi, akajaza katikati kwa utiifu usio na hata chembe ya shaka, na matokeo yakichukiza hana habari, maana yeye alitimiza alichoagizwa.

Kwa ajili hiyo fundi wetu mkuu alikuwa na maswali manne, nasi wanagenzi wake hatukuruhusiwa kugusa kitu kabla hatujayajibu kwa mfuatano. La kwanza, alama iko wakati gani hasa? La pili, inasema kiasi gani? La tatu, kutoka hapo hadi alama ifuatayo mashine imeagizwa kwenda kwa njia gani? La nne, ambalo alilitamka kwa sauti nzito zaidi kuliko mengine, alama hii ni mali ya nani?

Swali la kwanza laonekana jepesi mno, lakini wingi wa watu waliotujia walikwama papo hapo. Kijana mmoja wa studio ya jirani alituletea kazi ambayo bi arusi anaingia ukumbini, picha ikatoka gizani kwa utulivu, kisha ilipokaribia nuru kamili ikaruka ghafla, mfano wa mtu aliyeshtuka. Kijana alikwisha badilisha kila alichoweza kubadilisha. Hata kadi ya kompyuta alikuwa tayari kununua nyingine. Fundi mkuu hakuitazama picha. Aliikuza taimlaini, akaikuza tena, hata ile almasi moja iliyoonekana mwishoni mwa fedi ikajigawa na kuwa mbili zilizosimama bega kwa bega: ya kwanza kwenye fremu ya 50, imeandikwa 70, ya pili kwenye fremu ya 51, imeandikwa 100. Siri ilikuwa bayana. Hapo awali fedi iliishia 70, na ilipotakiwa iongezwe hadi 100, mstari unaoonyesha fremu inayotazamwa uliburutwa kwa panya mpaka karibu na alama, ukasimama fremu moja mbele yake. Na kwa kuwa programu ile huzaa kifremu kipya kila kiasi kinapobadilishwa mahali pasipo na kifremu, badala ya kurekebishwa alama ya zamani, ilizaliwa jirani yake. Picha ikapanda kwa sekunde mbili kutoka sifuri hadi 70, kisha ikalazimika kupanda 30 zilizosalia katika fremu moja, ambayo kwa sekunde yenye fremu 25 ni milisekunde 40 tu. Dawa yake ni kuacha kuburuta, na kutumia vile vishale vidogo vinavyomrusha mtu kutoka kifremu hadi kifremu bila kupunguza wala kuzidisha. Alama ya ziada ikafutwa, picha ikatulia, na kijana akarudi kwake na fedha ya kadi mfukoni.

Swali la pili, la kiasi, halina masimulizi marefu. Mara nyingi fedi isiyoonekana kabisa ni fedi yenye kifremu kimoja peke yake, na kifremu kimoja hakina pa kwenda wala pa kutoka, hivyo picha nzima hukaa katika kiasi hichohicho mwanzo hadi mwisho. Wakati mwingine kile kitufe chenye sura ya saa, kinachoiambia programu iweke kumbukumbu ya mabadiliko, hakijabonyezwa, na kila mtu apunguzapo opasiti kwa ajili ya mwisho wa klipu, huipunguza kwa klipu nzima. Hivyo shehe akafifia katika hafla nzima ya nikahi, kuanzia hotuba mpaka dua. Ila kitufe hicho ni cha kushikwa kwa hadhari, kwani katika programu nyingi kukibonyeza mara ya pili si kupumzisha alama bali ni kuzifuta zote, na asiyejua kurudi hatua nyuma huanza kazi upya.

Swali la tatu lina utamu wa hesabu. Mashine yaweza kuagizwa isiende popote, bali ishikilie kiasi cha kwanza hadi alama ya pili ifike, kisha igeuke ghafla. Yaweza kuagizwa iende kwa mstari ulionyooka. Na yaweza kuagizwa iende kwa mkunjo, ili mwanzo na mwisho viwe laini. Vijana hupenda mkunjo kuliko yote kwa sababu jina lake linavutia, lakini mkunjo una tabia ya kupita mpaka. Nilipata kuuona katika majina ya maharusi yaliyowekwa juu ya picha: yalitakiwa yapande kutoka sifuri hadi 60, yakae hapo kimya, kisha yashuke hadi sifuri. Badala ya kukaa kimya yalivimba katikati, yakazidi kung'aa kisha yakafifia kidogo, na mwenye kazi aliapa kwamba hakuweka alama yoyote mahali hapo. Hakusema uongo. Kwa aina moja ya mkunjo inayotumika sana, alama nne za 0, 60, 60 na 0 zikipangwa kwa nafasi sawasawa, kiasi cha katikati kabisa si 60 bali ni 67.5, kwa sababu mkunjo unaofika ukiwa na kasi ya kupanda hauwezi kusimama papo hapo bila kuvunjika. Kipande cha kati kilipoagizwa kwenda kwa mstari ulionyooka, majina yakatulia. Hapo niliona dhahiri kwamba mtu aweza kuwa mkweli katika kila alama aliyoiweka, na bado yaliyo katikati yakamsingizia.

Sasa nifike kwenye swali la nne, na humo nina kisa ambacho sikisahau. Siku moja alipanda ngazi zetu mama mmoja wa makamo, amejitanda kanga kwa namna ya mtu aliyekuja kwa shauri na si kwa mazungumzo. Alikuwa shangazi wa bwana arusi mmoja ambaye video yake tulikwisha ikabidhi, na aliyeihariri hasa ni mwenzangu mmoja mpole, asiyeweza kumdhuru mtu. Tulisimama tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu," alisema. "Salamu zenu nimezipokea, lakini nina neno na mkubwa wenu."

"Karibu uketi, bibi," fundi mkuu akamjibu. "Neno la mtu aliyesimama husikika nusu."

Akaketi. Akasema kwamba kila aliyetunza siku ile picha yake imeng'aa tangu mwanzo hadi mwisho, isipokuwa yeye. "Mimi mmenitia giza usoni, kisha mkanikata ghafla. Mchango wangu ulikuwa mdogo, najua, na najua nani aliyeusema udogo wake. Nataka mniambie ni yeye aliyewatuma, au mmejituma wenyewe?"

Mwenzangu alitaka kujitetea, fundi mkuu akamnyamazisha kwa jicho. Aliifungua kazi ile, akamvutia mama yule kiti karibu na kioo, akamwonyesha klipu yake na almasi mbili juu yake. Klipu hiyo hapo mwanzo ilikuwa na urefu wa sekunde 8, ambazo katika mfumo wa fremu 25 kwa sekunde, ndio tuliorithi pamoja na televisheni ya PAL, ni fremu 200. Fedi yake ilipangwa ianze kwenye fremu ya 150 na opasiti ya 100, na ikome kwenye fremu ya 200 na opasiti ya sifuri, sekunde 2 za kuaga kwa adabu. Baadaye wenye harusi waliomba video ifupishwe, na kila klipu ya zawadi ikapunguzwa mwishoni. Ya kwake ikapunguzwa sekunde 1, ikakomea fremu ya 175. Lakini katika programu ile vifremu ni mali ya klipu ya asili, si mali ya ukingo wake unaoonekana. Ukingo uliposogezwa ndani, alama ya pili haikusogea nao. Ilibaki nje, kwenye fremu ya 200 ambayo haionyeshwi tena, ikiendelea kuivuta picha kuelekea giza. Kwa hiyo picha ilishuka mpaka 50, nusu ya nuru yake, na hapo ikakatwa. Klipu za wengine hazikuwa na vifremu. Fedi zao ziliwekwa kwa filta, yaani zana ya programu ya kuibadilisha picha, iliyo mali ya ukingo, nayo ilisogea pamoja na ukingo bila ya madhara.

Fundi mkuu akaivuta ile alama ya nje hadi ndani ya mpaka, na ya kwanza akairudisha nyuma kwa kadiri ileile, kisha akaichezesha. Shangazi akajiona anang'aa, anamaliza neno lake la mwisho, anafifia pole pole. Alitazama mara ya pili, kisha akauliza, "Basi hapana aliyefanya?"

"Hapana aliyekusudia, bibi," alijibiwa. "Giza lilikuwa la alama."

Alicheka kidogo, akaomba nakala mpya, akashuka. Baada ya kuondoka kwake fundi mkuu alitukalisha, na badala ya kusema habari za vifremu alisema habari za macho ya watu. Mtazamaji, alisema, huisoma fedi kuwa ni maneno. Giza likiingia taratibu husoma kwamba wakati umepita au jambo limekamilika, na giza likiingia kwa ufidhuli husoma kwamba ametukanwa.

Nimelikumbuka neno lake kila niliposoma habari za Vugiri, iliyoko juu katika milima ya Usambara, mkoa huohuo wa Tanga, ambako kati ya 1935 na 1937 palifanywa jaribio la kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, na filamu 35 zikatengenezwa na kuzungushwa Tanganyika na nchi za jirani. Muda si mrefu baadaye, mwaka 1939, serikali ya Uingereza ilianzisha idara ya filamu za makoloni, na mkuu wake, William Sellers, aliyekwisha fanya kazi ya afya Nigeria, alishika shauri kwamba watazamaji wasiozoea sinema wapewe picha za mwendo wa pole zisizo na hila za kamera, wasije wakachanganyikiwa. Laiti wenye shauri hilo wangekutana na shangazi yule. Yeye hakuchanganyikiwa na hila ya picha. Aliisoma yote, tena akasoma na isiyokuwamo. Hatari ya mtazamaji wa pwani haikuwa uchache wa kufahamu bali wingi wake.

Swali la umiliki lina milango mingine. Kuna kazi moja ambayo picha ilizama gizani haraka mno, ingawa mwenye kazi alionyesha kwamba fedi yake ni ya sekunde 3 zilizopangwa sawa. Tulipofungua orodha ya filta tulikuta fedi mbili juu ya klipu moja: moja ya vifremu vya opasiti, nyingine ya filta tayari iliyowekwa na mtu wa kwanza kabla kazi haijabadilisha mikono. Hesabu zake hazijumlishwi, huzidishwa. Katikati ya njia, nusu kwa nusu ikawa robo, na penye robo kwa robo palibaki takriban sehemu 6 katika 100. Mabwana wawili walikuwa wanamtuma mtumishi mmoja, naye aliwatii wote. Kazi nyingine ilichekesha zaidi: bi arusi alififia kwa utulivu wote, lakini badala ya giza ukajitokeza mwiko unakoroga sufuria la pilau. Opasiti ya sifuri haimaanishi weusi; maana yake ni kwamba picha haizibi tena kilicho chini, na kwenye treki ya chini, yaani tabaka lililo chini ya picha hiyo, palisahauliwa klipu ya jikoni. Anayetaka giza sharti aweke giza, au ahakikishe kwamba chini hapana kitu.

Hata sauti ina sheria zake katika jambo hili. Kaswida ikipishana na taarabu, moja inashuka na nyingine inapanda kwa mstari ulionyooka, zitakapokutana katikati kila moja itakuwa na nusu ya kimo chake, yaani imepungua desibeli 6. Na kwa kuwa sauti mbili zisizohusiana hazijumlishwi kwa ukamilifu, mchanganyiko wake hupungua kama desibeli 3, na sikio husikia ukumbi unazama kisha unaibuka. Ndiyo maana katika sauti, kinyume cha yale majina ya maharusi, mkunjo ndio sahihi na mstari ndio mbaya: kila sauti iachwe na sehemu takriban 71 katika 100 pale katikati, na sikio halitagundua mpishano. Kanuni iliyoponya picha yaweza kuugua katika sauti, na hii ni sababu nyingine ya kuuliza kwanza na kutibu baadaye.

Utaratibu wa kuuliza nao una adabu zake. Klipu yenye kasoro hunakiliwa peke yake katika kazi mpya tupu, ili majirani zake wasitoe ushahidi wa uongo. Kama huko inafifia vizuri, kasoro ni ya treki au ya kazi nzima, na kama inaendelea kufifia vibaya, kasoro ni yake mwenyewe. Filta huzimwa moja moja, si zote kwa pamoja, kwa maana mwenye kuzima zote hupata picha nzuri asijue ni ipi iliyokuwa mbaya. Kasi ya klipu hutazamwa, kwa sababu klipu iliyoharakishwa huweza kuviacha vifremu vyake nyuma au kuviburuta mbele. Idadi ya fremu hutazamwa pia, hasa kazi inapohamishwa kutoka fremu 25 hadi 30 kwa sekunde: alama iliyohifadhiwa kwa namba ya fremu, ikiwa ni ya 50, ilikuwa sekunde 2 kamili na sasa ni pungufu ya sekunde 1 na sehemu 7 za kumi. Mwisho, kabla ya kuilaumu fedi, sekunde chache hurendwa, yaani hutolewa kuwa video kamili, na kutazamwa nje ya programu, kwani onyesho la ndani ya programu kwenye kompyuta dhaifu huruka fremu, au huonyesha picha ya zamani iliyohifadhiwa kabla ya marekebisho, na mtu akatibu ugonjwa uliokwisha pona.

Nimewaona watu wengi wakifanya kinyume cha haya yote kwa hamaki. Hufuta kila kitu, huanza upya, hupata fedi nzuri, na hufurahi. Lakini hawakujifunza lolote, na kasoro ileile hurudi harusi ya pili, maana aliyeizaa hakujulikana. Si kwamba kufuta ni haramu. Usiku wa kuamkia makabidhiano, nami nimefuta. Lakini kufuta ni haki ya mwenye kujua anachokifuta, na mwanagenzi akizoea kufuta kabla ya kujua, hubaki mwanagenzi mpaka mvi.

Leo nami nina wanagenzi, na programu tunazotumia si zile za Ngamiani. Vitufe vimehama, rangi zimebadilika, na nyingine hudai kukisia zenyewe fundi anataka nini. Nikimpokea kijana mpya simwanzishi kwa vitufe. Nampa klipu yenye fedi mbovu, karatasi na kalamu, nikamtaka aandike majibu manne kabla hajagusa panya: wakati gani, kiasi gani, kwa njia gani, mali ya nani. Wengine huona ni mateso ya bure, wakaenda kutafuta mwalimu mwenye haraka. Wanaobaki hufikia siku ambayo huandika majibu matatu, wakasita kwenye la nne, kisha wakacheka wenyewe. Na nikisikia kicheko hicho najua kwamba kijana hataniita tena kwa ajili ya fedi.

Lakini faida kubwa niliyoipata sikuipata kwenye kioo. Nilipomtafakari shangazi yule niliona kwamba hakubuni kitu kutoka hewani. Alikuwa na alama mbili za kweli: mchango wake ulikuwa mdogo, na uso wake ulitiwa giza. Kati ya alama hizo mbili hakuona kitu, na nafsi, ambayo kwa tabia haiwezi kuvumilia nafasi tupu, ikajaza katikati husuda, masengenyo na mtu aliyetumwa, kila jambo likiungana na jingine kwa ulaini wa kushangaza. Alifanya kazi ileile ambayo mashine hufanya, nasi sote huifanya mchana na usiku: rafiki aliyetuamkia kwa furaha mwezi uliopita na leo akapita kimya, ndugu aliyeahidi na hakufika. Tunayo matamko mawili, na hadithi yote ya katikati ni ya kwetu. Tangu hapo, mtu akinijia na habari ya jamaa aliyebadilika, namsikiliza hadi mwisho, kisha namuuliza ni yapi aliyoyaona na ni yapi aliyoyajaza. Na pale inaponihusu mimi mwenyewe, nikiwa na alama mbili tu za mwenzangu, namhesabia mbili, na zilizobaki naziandika kwa jina langu.